Chaza wa Maji Baridi: Kabla Hujamtia Chunguni

Mtu wa Ngara au Biharamulo aliyewahi kuishi Unguja, Tanga au Dar es Salaam anaijua raha ya bamvua: bahari imekupwa mbali, watu wameshuka na ndoo na visu, wanabandua chaza miambani mpaka maji yaanze kujaa. Akirudi Kagera anakuta kuwa chaza wapo huku pia, wamejizika kwenye mchanga na tope la mito na maziwa ya bonde letu, na wengi wetu tunawapita tu. Swali lake ni la haki: mbona hatuwali? Jibu langu ni kwamba wanalika, ila si wa kila mahali. Kinachoamua ni maji waliyoishi ndani yake.

Kwanza niseme kuwa kitoweo hiki si kigeni katika bonde hili. Ndani ya Mto Kagera, upande wa Uganda karibu na mpaka wetu, kuna kisiwa kiitwacho Kansyore. Vigae vya vyungu vilivyofukuliwa pale ndivyo vilivyowapa wanaakiolojia jina la kuwaitia wavuvi na wawindaji wa kale wa ukanda huu wa Ziwa Victoria. Upande wa Kenya, kwenye Ghuba ya Winam, watu wa utamaduni huohuo waliacha marundo makubwa ya magamba ya chaza wa ziwani, yamechanganyika na mifupa ya samaki na ya wanyama wa porini. Baadhi ya marundo hayo yana umri unaozidi miaka 7,000.

Mchukue mmoja umtazame. Kwa nje gamba lina rangi ya kahawia au kijani iliyofifia, na juu yake kuna mistari inayofuatana, kila mmoja ukionyesha gamba lilipokomea kabla ya kuongezeka tena. Kwa ndani linang'aa kama lulu. Wengi wana umbo la yai na huingia kiganjani bila shida. Wale wa jenasi ya Mutela ni warefu na wembamba. Yuko pia Etheria elliptica, aliyepewa jina hilo la jenasi na Mfaransa Lamarck mwaka 1807, anayepatikana Ziwa Victoria na katika mito mingi ya Afrika kuanzia Senegali hadi Nile. Huyu hujigandisha kwenye mwamba, na wenzake hujigandisha juu yake, hata gamba likakosa umbo maalumu. Kwa sura utamdhania chaza wa bahari, ingawa ukoo wao ni tofauti.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni jinsi wanavyozaliwa. Geoffrey Fryer, mtafiti aliyefanya kazi Jinja katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki, alieleza mwaka 1961 maisha ya Mutela bourguignati wa Ziwa Victoria. Kiluwiluwi chake huachiwa majini kikiwa kidogo mno, kikiburuta uzi mrefu kuliko mwili wake mara nyingi. Kikimgusa samaki, aina ya kuyu, humshika, huzamisha vijimizizi kwenye ngozi yake na kunyonya chakula humo mpaka kiwe chaza mchanga anayeweza kujitegemea. Hapo ndipo hudondoka chini na kuanza maisha ya mchangani. Maana yake ni kwamba chaza huyu hawezi kuzaliana pasipo samaki wake. Kuyu hupanda mitoni kuzaa, na nyavu zinazoziba midomo ya mito msimu huo huwanasa samaki na kuwakatia chaza uzao wao kwa pamoja. Kwa hiyo mvunaji mwenye busara huwaacha wadogo, na hachoti rundo zima mahali pamoja.

Sasa tuje kwenye maji. Chaza hula kwa kuchuja. Huvuta maji ndani, matamvua yake hunasa chembechembe za chakula, kisha maji hutoka upande wa pili. Mmoja aliyekomaa anaweza kuchuja lita moja kwa saa, pengine zaidi, usiku na mchana. Kinachonaswa si chakula peke yake. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini hubaki ndani yake kwa wingi kuliko vilivyomo kwenye maji yanayomzunguka. Mto Kagera unapoanza pale juu ya maporomoko ya Rusumo, Mto Nyabarongo umeshapita jirani na jiji la Kigali, na Mto Ruvubu umekusanya maji ya vilima vya Burundi. Mvua ya masika huongeza kila kilichokuwa mashambani na vyooni. Chaza wa mto huo mkubwa mimi simli mbichi, wala simpendekezi kwa mtu katika wiki za mvua.

Vijidudu vinakufa kwa moto. Zebaki haifi. Biharamulo kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu, na wachimbaji wengi hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Inayomwagika hufika kwenye vijito, bakteria wa matopeni huigeuza kuwa aina inayoingia kwa urahisi katika miili ya viumbe, na hata ukichemsha kutwa haitoki. Huharibu mishipa ya fahamu, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Kijito kinachopita kwenye mialo ya dhahabu usivune chochote ndani yake, hata kama maji yanaonekana maangavu.

Ziwa Burigi nalo lisikutamanishe. Tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na humo hakuokotwi kitu. Penye ruhusa, nenda mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa yamepungua, chagua ufuko ulio wazi wenye mchanga, na uulize wavuvi kuhusu mamba na viboko kabla hujalowesha mguu. Vaa mabuti marefu yasiyopitisha maji, na ukae mbali na matete na magugu, maana huko hukaa kwa wingi konokono wa kichocho.

Nyumbani waloweke kwenye maji safi kwa siku nzima, ukiyabadilisha mara kadhaa, wateme mchanga. Asiyejifunga ukimgonga amekufa, mtupe. Chemsha, na wakishafunguka waache wachemke dakika kumi nyingine, kisha umtupe asiyefunguka. Nyama yake ni ngumu kuliko ya chaza wa pwani na ina harufu ya tope, hivyo ikatekate ndogo, ikaange kwa kitunguu, nyanya na ndimu nyingi. Na ndizi za kupika inakubaliana vizuri. Magamba yakaushe, yachome kidogo, uyatwange kwa ajili ya kuku wanaotaga: karibu yote ni kabonati ya kalisi, ndiyo maana magamba ya ziwani yamekuwa yakichanganywa kwenye chakula cha kuku ukanda mzima wa Ziwa Victoria.