Mwanzo wa Grünfeld katika Mchezo wa Mwaka 1956

Neno sataranji lina asili yake Bara Hindi, likapitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kuingia katika Kiswahili. Shaha, mfalme wa mchezo huo, ni neno la Kiajemi, nalo hutumika pia kwa bingwa wa malenga. Jinsi mwanzo wa mchezo unavyoweza kumponza shaha yaonekana vema katika mchezo uliochezwa New York tarehe 17 Oktoba 1956, katika mashindano ya Rosenwald. Kete nyeupe zilikuwa za Donald Byrne, na nyeusi za Bobby Fischer, mtoto wa miaka 13.

Mwanzo wenyewe huitwa kwa jina la Ernst Grünfeld wa Austria, aliyeutumia katika mashindano ya mwaka 1922. Kanuni ya zamani ilikuwa kuwahi kuweka vitunda, yaani askari wa miguu, katikati ya ubao. Grünfeld alimwachia mweupe nafasi hiyo, kisha akaishambulia kwa mbali kwa tembo, kete iendayo mshazari, ambayo Waingereza huiita askofu. Basi vitunda vya katikati huwa nguvu vikilindwa, na mzigo visipolindwa.

Byrne alivipata vitunda hivyo. Lakini katika miendo yake 12 ya kwanza alimwendesha malkia mara 4, asipate wasaa wa kumficha shaha nyuma ya ngome. Katika mwendo wa 11 Fischer alimweka farasi mahali pa kuliwa. Byrne hakumla, maana kitunda chake cha katikati kingalipotea na njia ya kumfikia shaha ingalifunguka.

Katika mwendo wa 17 Fischer alimsogeza tembo, akamwacha malkia wake aliwe. Byrne angalimla tembo huyo, shaha wake angalifungwa katikati ya kete zake mwenyewe; kwa hiyo alimla malkia. Hapo farasi na tembo wa Fischer wakamtisha shaha kwa zamu. Badala ya malkia mmoja, Fischer alipata ngome moja, tembo wawili na kitunda kimoja. Ngome ya pili ya Byrne ilikuwa imezibwa pembeni na shaha wake mwenyewe, na malkia wake, ijapokuwa mwenye nguvu, alikuwa peke yake. Shaha alifungwa katika mwendo wa 41.

Hans Kmoch aliuita mchezo huo mchezo wa karne. Fahari yake haikuwa katika kumtoa malkia tu, bali katika kutambua kwamba kete ndogo zikishirikiana huishinda kubwa isiyo na msaidizi. Na hiyo ndiyo maana ya mwanzo wa Grünfeld tangu mwendo wa kwanza.