Kamera, Mwanga na Jicho la Mwenzako

Kamera ni chombo cha fizikia ambacho kimeingia mikononi mwa watu wengi kuliko darubini, hadubini na mizani zote za maabara zikikusanywa pamoja. Siku hizi hata mtu asiyemiliki kamera hubeba moja mfukoni, imo ndani ya simu. Walakini wale wanaokitumia chombo hiki kwa kufahamu kinavyofanya kazi ni wachache. Walimu na wanafunzi wanaotaka kuanzisha chama cha wapiga picha shuleni aghalabu huanza na swali moja tu: tununue kamera ipi? Swali hilo ni halali, kwani fedha za shule ni haba na kosa katika ununuzi haliwezi kurekebishwa kwa urahisi. Lakini nyuma yake yapo maswali mengine mawili ambayo ni mazito zaidi. Je, mwanga unaoingia katika kamera hiyo utapimwaje? Na ni nani atakayetuambia, bila kutubembeleza, kama picha tulizopiga zinafaa au hazifai?

Tuanze na kamera yenyewe. Kamera si kitu zaidi ya chumba chenye giza na tundu moja. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyefariki yapata mwaka 1040, alichunguza jinsi mwanga wa jua lililopatwa unavyopita katika tundu dogo na kuchora umbo lake upande wa pili. Mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mkebe wa maziwa ya unga: atoboe tundu katikati ya kitako kwa sindano, na mdomo wa mkebe aufunike kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Akiuelekeza kwenye uwanja wenye jua, naye akijifunika kanga kichwani, ataona miti imesimama kichwa chini.

Taswira hiyo huwa na kasoro mbili. Kwanza si bayana. Tundu likiwa kubwa, kila nukta ya mti huwa doa katika karatasi. Tundu likiwa dogo mno, mwanga wenyewe hutawanyika ukingoni, na udoa unarudi. Kwa mkebe wenye urefu wa sentimita 20, tundu lifaalo lina kipenyo cha karibu nusu milimita. Kasoro ya pili ni uhafifu wa mwanga. Urefu wa mkebe ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu hutupa 400, na namba hii ndiyo wapiga picha waiitayo namba ya tundu. Lenzi ya kawaida iliyofunguliwa hadi namba 2 huipa filamu au kitambuzi mwanga mara 40,000 zaidi, kwa kuwa mwanga hufuata mraba wa namba hiyo. Basi lenzi ni tundu kubwa ambalo limekubali kuchora taswira bayana.

Kutokana na hayo msomaji ataelewa kwa nini namba zilizochorwa katika lenzi hufuatana kwa namna ionekanayo kuwa ya ajabu: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila namba ni ile iliyotangulia mara kipeuo cha pili cha 2, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Muda wa kufunguka kwa shata nao hupangwa kwa nusu nusu, kama vile sehemu ya 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250. Kwa hiyo namba 8 pamoja na 1/125 hutoa mwanga ule ule kama namba 5.6 pamoja na 1/250. Mwanafunzi aliyeshika jambo hili moja amekwisha kuipata nusu ya elimu ya upigaji picha.

Sasa kuhusu ununuzi. Matangazo ya biashara husifu wingi wa pikseli, yaani vijisehemu vinavyounda picha, kana kwamba ndicho kipimo pekee cha ubora. Hebu tuhesabu. Picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, ambazo ni milioni 12, ikichapishwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, itakuwa na upana wa sentimita 34 hivi. Hiyo ni kubwa kuliko karatasi ya A4. Shule ngapi zitahitaji picha iliyo kubwa zaidi ya hapo ukutani?

Kipimo chenye maana zaidi ni eneo la kitambuzi. Mwanga huja kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo huanguka bila mpangilio, kama matone ya mvua ya rasharasha juu ya bati. Kijisehemu kikipokea fotoni 10,000 kwa wastani, idadi hiyo huyumba kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili, yaani 100, ambayo ni asilimia 1. Kikipokea 100 tu, huyumba kwa 10, yaani asilimia 10, na jicho huiona hitilafu hiyo kama chenga. Kitambuzi cha ukubwa wa filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24, kina eneo la milimita za mraba 864. Kitambuzi cha simu chenye milimita 8 kwa 6 kina 48, yaani sehemu moja katika 18. Simu za kisasa huziba pengo hili kwa hila ya kistadi: hupiga picha nyingi kwa haraka na kuzijumlisha. Picha 16 zikijumlishwa, chenga hupungua hadi robo. Lakini hila hiyo hudai kitu kitulie. Ua la mbuyu litatulia, ila mnana anayefuma kiota chake jioni hatatulia, wala mshambuliaji wa timu ya shule.

Kwa hiyo chama kinachokusudia kupiga picha za mimea, miamba, vifaa vya maabara na watu waliokaa hakina haja ya kununua kamera hata kidogo. Simu ya mwalimu na stendi ya miguu mitatu, hata iwe ya mti iliyochongwa na fundi wa kijijini, vinatosha. Kinachokusudia ndege au michezo kitahitaji kamera ya lenzi za kubadilisha, na hapo shauri langu ni kwamba fedha nyingi ziende katika lenzi, na kamera yenyewe iwe ya mtumba.

Anayenunua lenzi ya mtumba pwani hana budi kuwa mwangalifu juu ya adui ambaye vitabu vya Ulaya humtaja kwa kupita tu, nami sitampita upesi. Adui huyo ni kuvu. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu mwingi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kuvu huota kwenye vioo vya ndani vya lenzi iliyofungiwa gizani, hasa ndani ya mkoba wa ngozi. Huonekana kama utando wa buibui. Ikiachwa kwa muda mrefu, asidi inayotoa huila ngozi laini ya kioo, na hata ikisafishwa baadaye, kovu hubaki. Kabla ya kulipa, fungua tundu la lenzi kabisa, mulika kwa tochi kutoka nyuma, nawe utazame kutoka mbele kwa mshazari. Baada ya kununua, iweke katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu viwekwavyo ndani ya maboksi ya viatu vipya, na uitoe mara kwa mara ipate mwanga na hewa. Lenzi inayotumika kila wiki huugua kwa nadra.

Na asiyeweza kununua chochote akumbuke kwamba Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mvulana wa shule na kamera ya sanduku aina ya Brownie. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu.

Hata hivyo lipo tatizo ambalo kamera ghali hailiondoi, nalo linatuhusu sisi hasa. Ni nani asiyepata kuona picha ya darasa ambamo mashati meupe yanang'aa vizuri ilhali nyuso za wenye mashati ni madoa meusi yasiyo na macho? Watu huilaumu rangi yao, au humlaumu mpiga picha. Wa kulaumiwa ni kipima mwanga. Kifaa hiki hakijui kinachokitazama. Kimetengenezwa kwa kukisia kwamba mandhari yote, ikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani, ambacho kwa desturi huchukuliwa kuwa kinaakisi kama asilimia 18 ya mwanga. Tuseme mwanafunzi amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa unaoakisi asilimia 80, na uso wake unaakisi asilimia 10. Ukuta umejaa katika picha, kwa hiyo kipima mwanga huushusha kutoka 80 hadi 18, yaani huugawanya kwa 4.4. Uso nao hugawanywa kwa kiasi kile kile, ukashuka kutoka 10 hadi kupungua 2.3. Hapo hapana macho wala tabasamu. Ni kiza tu.

Filamu za rangi za zamani zilizidisha taabu hiyo. Maabara za kusafishia filamu zilirekebisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, katika makala aliyoitoa mwaka 2009, alieleza kwamba Kodak walianza kuboresha uwezo wa filamu kuonyesha rangi za hudhurungi na nyeusi baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Msomaji na apime mwenyewe uzito wa habari hiyo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990, na mwaka 2021 Google walitoa simu ambayo programu yake ilikuwa imerekebishwa makusudi kwa ajili ya ngozi nyeusi.

Hatuna haja ya kungoja kampuni. Kwanza, pima mwanga wa uso wala usipime wa ukuta: katika simu gusa uso kwenye kioo, na katika kamera inayopima mandhari yote ongeza hatua moja au mbili. Pili, mwondoe mtu mbele ya chokaa, umweke mbele ya majani, mlango wa mbao au kivuli cha baraza. Tatu, tumia mng'ao. Mwanga unaoipiga ngozi hugawanyika: sehemu huingia ndani, ambamo rangi ya ngozi huufyonza, na sehemu ndogo huruka juu ya uso wa ngozi bila kuingia. Hiyo ya pili haitegemei weusi wala weupe. Kwa hiyo katika ngozi nyeusi mng'ao ndio uchorao umbo la shavu, paji na pua, nao hupendeza ukitoka katika chanzo kipana kilicho ubavuni, kama vile mlango ulio wazi. Mkalishe mwenzako mita moja ndani ya mlango, ubavu wake ukielekea nje, uone tofauti.

Limebaki suala la hukumu. Sifa za marafiki hazimfundishi mpiga picha. Anayeambiwa "picha nzuri sana" hajaambiwa kitu cha kumsaidia kesho. Desturi yetu nayo huongeza ugumu, kwani mwanafunzi hatathubutu kuikosoa picha ya mwalimu wake mbele ya watu. Kwa sababu hiyo picha na zitandazwe mezani bila majina, zikiwa na namba nyuma, na aliyeipiga akae kimya. Watazamaji waseme kwanza wanachokiona na mahali macho yao yalipotua, kabla ya kusema neno lolote la kupenda au kutopenda. Mara nyingi aliyedhani amempiga picha bibi yake hugundua kwamba kila mtu ameona ndoo nyekundu iliyo nyuma ya bibi.

Kisha yafuate yanayoweza kuthibitishwa. Picha isiyo bayana ina sababu tatu, na kila moja huacha alama yake. Ikiwa kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Kwa lenzi ya milimita 200, shata isiwe polepole kuliko 1/200 ya sekunde. Ikiwa mtu tu ndiye aliyevutika na ukuta ni bayana, mtu alijongea. Ikiwa nyasi za mbele yake au mti wa nyuma yake ndio ulio bayana, fokasi ilikosea. Kamera za kisasa huhifadhi ndani ya picha muda wa shata na namba ya tundu, hivyo ubishi waweza kukatwa kwa ushahidi. Mwenye picha arudi pale pale, abadilishe jambo moja tu, apige tena. Mambo ya ladha, yaani kama mstari wa upeo ukae juu au chini, yaje mwisho, na hapo kila mtu na lake.

Huko Uingereza wapenzi wa picha walikuwa na desturi ya kuzungushiana kifurushi kwa posta. Kila mwanachama alikipokea, akasoma maoni yaliyoandikwa juu ya picha yake ya zamani, akaiondoa, akatia mpya, akaandika maoni juu ya za wenzake, kisha akakipeleka kwa aliyefuata. Shule nne au tano zaweza kufanya hivyo kwa bahasha moja inayosafiri kwa basi. Picha za sentimita 10 kwa 15 zinatosha, kila moja ikiwa imebandikwa juu ya karatasi yenye nafasi ya kuandikia. Wanaotaka kutumiana kwa simu wajue kwamba huduma nyingi za ujumbe huibana picha na kuifuta ile kumbukumbu ya shata na tundu. Kwa hiyo waitume kama faili, au waandike namba hizo kwa mkono chini ya picha.