TANGA: JIJI TUNALOLIACHIA PALE SEGERA



Leo tuongelee Tanga, makao makuu ya mkoa wetu. Vijana wengi wa Korogwe, Dar tunaijua mpaka vichochoro vya Kariakoo. Lakini Tanga, ambayo ni mwendo wa kama saa mbili tu kwa basi, wengi hatuijui kabisa. Tukifika Segera, macho yote Chalinze. Tanga tunawaachia wenyewe.

Sasa swali: wenyewe ni nani? Mimi nasema ni sisi. Lile jiji limejengwa na huku bara kwetu, na likianguka tunaanguka nalo. Twende taratibu mtanielewa.

RELI ILIKUJA KUTUFUATA SISI

Mjerumani alianza kujenga reli pale Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kwa nini ahangaike hivyo? Bandari peke yake haina faida kama hakuna mzigo, na mzigo ulikuwa huku: mashamba ya Usambara na bonde la mto Pangani.

Mzigo mkubwa ulikuja kuwa mkonge. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Hiyo miche 62 ndiyo mama wa mashamba yote unayoyaona ukipita Ngombezi, Magunga na Hale!

Mashamba yalitaka watu, basi vibarua wakaletwa kutoka mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Ndiyo maana leo hapa kwetu unakuta Mha, Mmakonde na Mnyamwezi wanaishi na Msambaa, Mzigua na Mbondei. Wengi ni wajukuu wa manamba.

VITA YA NYUKI

Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India kuiteka Tanga. Upande wa Mjerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Unajua walifikaje haraka? Kwa treni kutoka Moshi, yaani walipita hapahapa Korogwe. Mapigano yakawa makali, nyuki nao wakatoka kwenye mizinga yao wakawa wanauma tu bila kuangalia bendera. Waingereza walikimbilia melini, wakaacha bunduki na risasi kama 600,000. Walikuja kuingia Tanga mwaka 1916.

Wazungu wameandika vitabu kibao kuhusu vita hii. Lakini tukumbuke, waliokufa wengi walikuwa Waafrika na Wahindi waliopigania bendera zisizo zao.

MJI WA KALAMU NA NGOMA

Hapa ndipo mimi napapenda zaidi. Mwaka 1904, kwenye shule ya serikali ya Tanga, lilianza gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Mwaka 1922 makarani Waafrika, akiwemo Martin Kayamba, Mbondei, waliunda pale Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Hiyo ni miaka 32 kabla ya TANU! Halafu Shaaban Robert, unayemsoma shuleni, alizaliwa Vibambani, Machui, nje kidogo ya Tanga, mwaka 1909.

Muziki nao usiseme. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, vyote vya Tanga. Kizazi chetu kikawapata Wagosi wa Kaya. Na kwa wapenda soka, Coastal Union ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, msisahau.

UKIENDA UONE NINI?

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kutoka mjini. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na ndani kuna mzimu ambako watu wanapeleka maombi yao. Beba viatu vya kufunga, kunateleza.

Barabara ya kwenda Pangani kuna Tongoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, ya Waswahili waliofanya biashara ya bahari kabla hata Mreno hajafika. Maeneo hayo ndiko Vasco da Gama alipochoma meli yake moja mwaka 1499, kwa vile mabaharia waliobaki hai walikuwa hawatoshi kuiendesha.

Mjini kwenyewe kuna boma la Mjerumani lililogeuzwa makumbusho. Kuna Ngamiani yenye mitaa ya namba, mtu anakuelekeza "njoo barabara ya kumi na mbili" na hupotei. Na baiskeli kila kona!

SASA HOJA YENYEWE

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge karibu tani 230,000. Hakuna nchi duniani iliyotuzidi. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa 1967 na usimamizi ukawa mbovu. Miaka ya 1990 tulishuka mpaka kwenye tani 20,000 hivi. Bandari ikakosa mzigo, viwanda Tanga vikafungwa, na huku Korogwe makambi yakabaki magofu. Mji ule na sisi tulianguka siku moja.

Basi ukisikia jiwe la msingi la bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa Chongoleani mwaka 2017, au kwamba bandari ya Tanga imeongezwa kina, usiseme ni mambo ya watu wa pwani. Bomba lile la kilomita 1,443 linapita mpaka Handeni. Zamani tulitoa mkonge na jasho, faida ikapanda meli. Safari hii tutatoa nini, na kitabaki nini huku?

Mtu asiyejua hesabu ya jana hawezi kudai chake leo. Nauli ya Tanga haifiki hata nusu ya nauli ya Dar. Siku moja pale Segera pinda kushoto, ukaone jasho la babu yako lilijenga nini.

Wazee wenu waliofanya kazi kwenye mkonge au reli walisimulia nini? Mwageni hapo chini kwenye maoni, tusome wote. Naomba kutoa hoja.