Kuipima Tuba ya F: Tuanzie Chini (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz walivyosajili tuba yao mjini Berlin mwaka 1835. Ilikuwa tuba ya F yenye valvu 5, ingawa hazikuwa za kuzunguka. Leo tuulize: tuba ya F yenye valvu za kuzunguka ipimwe wapi? Wengi huanza na noti za juu, kwani huko ndiko inakopendeza: sauti hukusanyika, huimba, wala haimezwi na okestra. Lakini karibu kila tuba ya F huimba vizuri huko juu, hivyo uzuri huo hautenganishi njema na mbovu. Kinachozitenga ni C ya chini, yenye mitetemo 65 hivi kwa sekunde, na noti chache zilizo chini yake.

Sababu imo ndani ya bomba. Tuba ya F ina bomba la takriban mita 3.7 linalopanuka taratibu. Ili kuipata C hiyo, mpigaji hubonyeza valvu ya 4, na pumzi ikapitia bomba la ziada lenye karibu theluthi ya urefu ule wa kwanza. Bomba hilo halipanuki. Umbo zima huvurugika, midomo hukosa pa kuegemea, na noti hutoka na ukungu, au hugoma kabisa inapotakiwa kuanza kwa upole. Wepesi wa valvu na kelele za viungo vyake ni mambo ya fundi. Hili la bomba fundi haliwezi kwa urahisi.

Atasema mtu kwamba noti hizo ni kazi ya tuba kubwa zaidi. Marekani hoja hiyo ina uzito, kwani huko F huchukuliwa kwa kazi maalumu. Lakini Ujerumani na Austria tuba ya F ni chombo cha kawaida cha okestra, na muziki haumngojei mpigaji abadilishe chombo. Mwingine atasema mazoezi hutibu. Hutibu kiasi, nakubali. Ndiyo maana mpigaji mmoja, kwa kidomo kilekile cha kupulizia, azipige tuba mbili zinazolinganishwa katika ukumbi mkubwa, na msikilizaji akae mbali, kwa kuwa mdomo wa tuba hutazama juu na mpigaji haisikii sauti kama inavyowafikia watu.

Mnunuzi, ianze C hiyo kwa upole mara kumi. Isipoitika, irudishe tuba hiyo dukani.