Buibui ndani ya ilimba

Gari lilikuwa limeiacha Garbatulla likielekea Sericho, vumbi hadi masikioni, pale mzee mmoja alipomwambia dereva kuwa spika yake imechanika. Spika ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikikoroma ni utando wa buibui, na mpigaji alikuwa Hukwe Ubi Zawose, Mgogo wa Doda, Dodoma, aliyefariki Desemba 2003.

Mkoromo huo haujanitoka kichwani. Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Zipo ndimi ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Jirani zao zikipigwa, zenyewe zinaitikia. Kisha sanduku hutobolewa tundu, na tundu likazibwa kwa kile kigozi cheupe ambacho buibui hufunikia mayai yake, kile unachokibandua ukutani siku ya usafi bila hata kukitazama. Ulimi ukitikisika, hewa ya ndani inakisukuma, nacho kinavuma kama nyuki aliyenaswa kwenye kibuyu. Mafundi wa studio hutumia fedha nyingi kuuondoa mvumo wa aina hiyo. Mgogo anamtafuta buibui ili aupate.

Juu ya mvumo huo ndipo Zawose anapoweka sauti yake. Inaanzia tumboni, nzito, inakwaruza. Mara inaruka juu hadi unageuka kumtafuta mwanamke aliyedakia. Hakuna mwanamke. Ni yeye yule, anajijibu mwenyewe, vidole havijasimama.

Safari zake zinajulikana. Alitoka nchi ya uwele na ng'ombe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa. Ulaya na Japani zikamsikia. Albamu ya *Chibite* ilitolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996, na mwaka 2002 alikuwa jukwaani Marekani katika ziara ya mwanamuziki Peter Gabriel.

Nilipomsimulia yule mzee wa garini safari hizo, aliuliza jambo moja tu: huko kote, alirudi na ng'ombe wangapi? Sikuwa na jibu, na sidhani lilikuwa swali la mzaha. Waborana wa huko Garbatulla nao huimba wakiteka maji ya mifugo kisimani, ndoo ikipokezanwa mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoshika mwendo wa kazi. Hakuna anayelipwa kwa kuimba. Zawose alibahatika kuwa na rais mwenye sikio. Je, wangapi walibaki na mifugo yao, na sauti kama ile, kwa sababu hakuna mkubwa aliyepita?

Tena, bahati hiyo haikugawanywa sawa hata nyumbani kwake. Wanawake wa ukoo walipiga ngoma ya muheme na kuitikia nyuma. Kutangulia mbele na ilimba ilikuwa kazi ya wanaume. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya kwanza, *Maisha*, mwaka 2024. Miaka 20 na zaidi tangu mzee wao azikwe. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara najiuliza ni nyimbo ngapi walizokuwa nazo tayari wakati ule walipokuwa wakiitikia tu.