Nyama ya bure, mgongo wa nani? Uende na kampuni au ujitegemee?

NANI asiyependa nyama ya bure? Mshikaji wangu mmoja, mtoto wa Ilala aliyehamia Denver, Colorado, aliipata ya kumwaga. Mpaka leo ukimtajia anashika kiuno.

Mnyama mwenyewe anaitwa elki, jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Usidhani ni kidigidigi. Dume lililokomaa hufika kilo 300 na ushei. Septemba, msimu wa kupandana, hulia mlio mrefu kama filimbi, mpaka nywele zinakusimama. Colorado ndiyo yenye elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na mwananchi wa kawaida huruhusiwa kuwinda akiwa na leseni na kibali.

Jamaa na rafiki yake wakabana matumizi: kampuni ya nini wakati miguu tunayo? Wakaacha gari, wakatembea kilomita saba porini, juu ya mita 3,000. Hapo umeshapita kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro, na pumzi unaitafuta. Siku ya tatu jioni wakaangusha dume. Wakapeana mikono, wakapiga picha. Halafu wakatazamana.

Piga hesabu mwenyewe. Nyama bila mifupa ni kama kilo 100. Watu wawili, kila mmoja kilo 25 kwa safari, ni safari mbili. Kwenda, kurudi, kwenda tena: kilomita 21, usiku, na mzigo mgongoni. Jua la Oktoba likawahi kuliko wao. Bega moja lilikuwa limeanza kunuka. Na kule kuacha nyama inayolika ioze ni kosa la kisheria, achilia mbali aibu.

Sasa, ukijaaliwa kufika huko, njia ni tatu.

YA KWANZA: KAMPUNI
Hii ni ya wenye mshiko. Unalipa dola 6,000 hadi 10,000 na zaidi kwa wiki moja. Unapata kiongozi anayejua elki wanalala wapi, hema, mpishi, na farasi au nyumbu wa kubeba nyama. Kwa mgeni wa milima ndiyo salama zaidi. Lakini usidanganyike: unalipia kupelekwa, hulipii mnyama. Wengi hurudi mikono mitupu, na pesa hairudi.

YA PILI: KUJITEGEMEA
Hapa gharama kubwa ni leseni na mafuta ya gari. Aliyeishi Colorado miezi sita na kuendelea hulipa chini ya dola 100. Mgeni wa jimbo jingine, zaidi ya dola 700. Uhuru ni wako, na raha ya kumtafuta mnyama kwa akili yako haina mfano. Ila ukivunjika mguu, hakuna wa kumwita. Na kwenye mapori yaliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1964 gari haliingii, hata baiskeli. Ni miguu au farasi.

Tena si kila jimbo linakupa uchaguzi. Wyoming, mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwenye mapori hayo bila kiongozi mwenye leseni, au mwenyeji wa jimbo mwenye kibali cha kumsindikiza. Huko kuna dubu wakali pia, kwa hiyo usibishe.

YA TATU: KATI KWA KATI
Kampuni inakupandisha kwa farasi, inakuacha kwenye kambi iliyokwisha simikwa, inaondoka. Unawinda na kupika mwenyewe. Ukifanikiwa, wanarudi na nyumbu kuchukua nyama. Bei kwa kawaida ni nusu ya ile ya kwanza au chini yake.

KABLA HUJATOA HATA SENTI
Hakikisha kampuni imesajiliwa na serikali ya jimbo. Colorado sheria inataka hivyo, pamoja na bima. Omba namba za simu za wateja waliopita, na hasa wale waliokosa. Aliyepata atasifia tu. Uliza: nyama ikipatikana, farasi wanafika baada ya saa ngapi? Hili usilisahau.

Na ukienda peke yako, jipime. Beba kilo 25 upande mlima, sio ngazi za ghorofa. Kama umeshindwa kilomita tatu, usipige risasi kilomita saba kutoka kwenye gari. Msimu wa bunduki vaa chungwa au waridi linalong'aa. Kule si urembo, ni sheria, usije ukadhaniwa mnyama.

Mshikaji wangu mwaka uliofuata alichagua njia ya tatu. Hakupata kitu. "Lakini kaka," akaniambia, "safari hii nililala usingizi. Nilijua nikimwangusha, hataoza."

Kazi kwako, msomaji. Usije ukasema hukuambiwa!