Saa za Safari ya Ndege

Shikeni kalamu. Kutoka London mpaka New York ni kilometa zipatazo 5,550. Kwenda, ndege huchukua saa 8 hivi. Kurudi ni saa 7 tu, kwa kuwa huko juu angani upepo mkali huvuma kutoka magharibi, nao huisukuma ndege.

Sasa, tiketi huonyesha saa ya kila mji. Tuseme ndege yaondoka London saa 6 mchana, yafika New York saa 9 alasiri. Je, safari ni saa 3? Sivyo! Kwa kawaida saa ya New York iko nyuma kwa saa 5. Jumlisheni: 3 na 5 ni 8.

Basi, mwenye kumpokea mgeni asome saa ya mji wa kufikia, asije akamkosa.

Zoezi: ndege yaondoka New York saa 12 jioni. Itafika London saa ngapi?